Moto Usiomkohoza Mama

Daktari alimsikiliza mama kifuani, akamsikiliza mgongoni, kisha akaniuliza mimi badala ya kumuuliza mwenyewe: "Huyu anapikia kuni?" Nikasema ndiyo, tangu ajue kupika. Akasema basi, kuni zimetosha. Mapafu yamechoka, na moshi mwingine hatauweza.

Mama alikuwa anafunga vifungo vya sweta yake, pole pole. Tulipotoka nje ya lango ndipo alipofungua mdomo.

"Sasa huyo anataka nipikie nini? Mate?"

Nyumba yake iko Othaya, juu ya kilima, chini kidogo ya mashamba ya chai. Jiko lake ni kibanda cha mbao kilichojitenga na nyumba, mafiga matatu katikati, na masizi yamening'inia darini tangu nikiwa mdogo. Baba alituacha zamani, akabaki yeye na hilo jiko. Nilimwambia atakuja kukaa kwangu Nyeri mjini, ambako napikia gesi. Sikumwomba, nilimwambia. Mimi ndivyo nilivyo, nikiogopa nafoka. Alipanda gari shingo upande na hakunisemesha mpaka tukafika.

Mama huniita maitu, yaani mama yake. Mimi ni binti wa pili, na kwetu binti wa pili hubeba jina la nyanya wa upande wa mama. Basi nikimkaripia hunijibu, "Sawa, maitu, umenizaa wewe." Ameninyamazisha hivyo tangu nikiwa shule ya msingi.

Nyumbani kwangu alikosa raha, na sababu ya kwanza naijua. Kwetu mama mkwe hazoei kulala kwa mkwewe. Hao wawili huheshimiana kwa kukaa mbali. Mume wangu, mtu mpole aliyeendesha magari ya watalii mpaka akastaafu, alianza kuingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Mama akiwa sebuleni, yeye anasikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama kwenye korido. Akitaka kumjulia hali ananiuliza mimi, "Mama ameamkaje?" na mama yuko pale pale, anasikia.

Sababu ya pili nilidhani ni gesi. Namwekea sahani, anakula vijiko viwili, kisha anaisukuma.

"Haijaiva?"

"Imeiva."

"Haina chumvi?"

"Iko nayo."

"Basi kula!"

"Nimeshiba, maitu. Asante."

Alikuwa anashiba hewa. Sweta ilianza kumpwaya mabegani, na pete ya ndoa akaivua na kuifunga kwenye leso kwa sababu ilikuwa inateleza. Kila jioni aliniuliza atarudi lini kwake. Nikamwambia akirudi kwenye ule moshi atakufa. Akaniangalia kwa utulivu kabisa. "Na hapa je?" akasema. Niliingia chumbani nikalia, kisha nikatoka nikafoka kuhusu kitu kingine.

Wakati huo ndipo mume wangu alipoleta lile dude. Alikuwa ameona la namna hiyo kwenye kambi moja ya wageni huko juu Laikipia, njia ya Doldol, akalitamani miaka na miaka. Ni pipa refu la chuma lililolazwa, lina mfuniko. Ubavuni limeunganishwa na kisanduku cha chuma kizito, na moto unakaa humo kisandukuni peke yake. Nyama inakaa pipani, haiguswi na mwali. Joto na moshi vinapita juu yake na kutokea kwenye bomba upande wa pili, na nyama inaiva nusu siku nzima, pole pole. Alilichomelesha kwa fundi wa jua kali, wale wa karakana za nje, kutoka kwa tangi kuukuu la maji moto. Majirani waliliona likishushwa, wakaliita garimoshi, na jina likashika.

Alisema ni la biashara, tutauza mbavu za mbuzi wikendi. Biashara gani! Mwanamume alikuwa anatafuta mahali pa kukaa ambapo hatakutana na mama mkwe. Nilimjua.

Siku ya kwanza alinunua mbuzi mzima kwa mfanyabiashara wa Nanyuki aliyekuwa abiria wake enzi zile, akawasha moto, akapanga nyama, akafunga mfuniko. Kisha akafanya jambo ambalo sisi sote tuliolelewa vilimani tungelifanya. Moto ulipokolea, alifunga mlango wa kisanduku na kuziba bomba nusu, ili kuni zisiishe haraka. Kwetu kuni hubebwa mgongoni, na kamba inapita kwenye kipaji cha uso. Mtoto anafundishwa mapema kwamba moto mzuri ni ule uliolazwa, unaokula kidogo kidogo. Mwali mkubwa ni ubadhirifu, utagombezwa.

Garimoshi likafanya kazi ya jina lake. Moshi mweupe ulitoka mzito, ukajaza uwanja, ukapanda kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, ukaingia kwa madirisha yangu yote. Nilikuwa bafuni. Nilichosikia ni kikohozi cha mama, kile cha ndani kabisa, kisicho na pumzi katikati. Nilitoka mbio na beseni la maji ya kufulia, nikalimwaga lote ndani ya kile kisanduku. Mvuke ukanirudia usoni.

"Unataka kumuua mama yangu na bado hujamsalimia!"

Alisimama pale na koleo mkononi. Maskini. Tulimpa mama inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, tukafungua milango, akatulia. Nyama ilikuwa nyeusi na inang'aa kama lami. Nilionja kipande, ulimi ukafa ganzi. Mbwa wa jirani alinusa, akaenda zake.

Ningeliuza lile pipa kwa wanunuzi wa chuma kikuukuu. Lakini hasira zangu zina tabia mbaya, huwa haziniachii kitu mpaka nikishinde. Kesho yake mama akiwa amelala nilikwenda nikakaa mbele ya kisanduku. "Toka hapo," nikamwambia mzee wangu. "Nipe kiberiti."

Mwanamke kusimama penye nyama ni jambo la kuchekwa kwetu. Nyama choma ni kazi ya wanaume. Jirani alichungulia juu ya ua akamwambia mume wangu, "Bwana, nasikia mama watoto amekuoa." Nikamjibu kwamba mahari nilikwisha lipa, aulize. Akacheka mpaka akashika ua.

Siku hiyo sikuweka nyama. Niliweka moto tu, nikauangalia. Nikafungua mlango wa kisanduku wote, nikazibua bomba lote, nikaona moshi ukibadilika. Ulikuwa mweupe, ukawa mwembamba, ukawa na rangi ya samawati, kisha ukatoweka. Nilidhani moto umezima. Nikainama, nikakuta unawaka vizuri, mwali wa manjano umesimama, na juu ya bomba hewa inatetemeka tu kama juu ya lami saa saba mchana. Nikaweka kuni nyingine, kubwa, na moshi mweupe ukarudi. Aha.

Wiki baada ya wiki tukajifunza mimi na yeye, tukibishana. Moto ule unataka hewa, hautaki kuzibwa pumzi. Joto likizidi hufungi mlango, unapunguza kuni. Kuni yenyewe iwe nyembamba, unene wa kifundo cha mkono, tena kavu hadi ukigonga mbili zinalia. Saiprasi ya ua tuliikataa, ina utomvu na inachafua nyama. Tulitumia visiki vya mibuni mizee tuliyong'oa Othaya, vilivyokaa chini ya paa tangu mwaka uliopita, na kuni za mti wa muwati. Kuni inayofuata unailaza juu ya kisanduku kwanza, ipate joto, ndipo ukiitia inashika mara moja bila kufuka. Na makaa ya chini yasiishe, maana kuni ikiangukia majivu matupu itafuka tu, hata uipulize vipi.

Kubwa lilikuwa kuuzuia mkono. Mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kufunga ule mlango. Kila mara nilipouona mwali nilisikia sauti ya mama ya zamani: unachoma kuni za nani? Nilikuwa najipiga kofi mkononi.

Nyama ya moto ule ilikuwa tamu, sitasema uongo. Nyekundu kidogo chini ya ganda lake, laini, na moshi unausikia mwishoni tu, kama mtu aliyepita. Lakini mama hakuila kwa hamu. Alikula vijiko vyake viwili.

Alasiri moja alitoka nje na kigoda chake. Nilimwona nikaruka.

"Mama, ndani!"

"Unanifukuza motoni, maitu?"

"Daktari alisema nini?"

"Alisema moshi. Uko wapi moshi?"

Nilitazama bomba. Hakukuwa na kitu. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mlima, nikaweka kigoda chake upande ule, na nikasimama karibu, inhela mfukoni. Nikawa nahesabu pumzi zake bila yeye kujua. Hakukohoa. Alinyoosha mikono kuelekea kisandukuni, viganja vikaangalia moto, mabega yakashuka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu nimlete. Nilifurahi hata nikaogopa kusema.

Nikaingia jikoni kuchukua chumvi. Niliporudi mlangoni nikaona wingu jeupe, na mama amejikunja ndani yake.

Alikuwa amechukua matawi mabichi ya saiprasi, yale mume wangu aliyokata uani asubuhi, akayashindilia kisandukuni. Nilimvuta kwa nguvu kama mtoto. Alikuwa hapati hewa kabisa, midomo imegeuka rangi, vidole vimekamata kitambaa changu. Mume wangu, ambaye hajawahi kumgusa mama mkwe hata kwa kumpa mkono, alimbeba mzimamzima akamwingiza ndani, akamshikia inhela mdomoni. "Vuta, mama. Tena. Vuta." Tukabaki hivyo, wote watatu sakafuni, mpaka kifua kikafunguka.

Kisha nikafoka. Ngai, Mungu wangu! Nilimwuliza kama anataka nimzike. Nilimwambia moto ulikuwa hai, kwani haoni, umri wote huo wa kuwasha moto hajui moto uliozima na unaowaka?

"Nilijua unawaka," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Nilitaka uonekane."

Uonekane na nani? Alivuta pumzi, akanywa maji, ndipo akaniambia jambo ambalo niliishi nalo utoto wangu wote bila kuliona. Kilima kinachotazamana na chetu kina mwanamke mmoja wa rika lake. Waliolewa karibu wakati mmoja, mmoja ng'ambo hii, mmoja ng'ambo ile, na mto chini. Kila alfajiri mama akiwasha moto hutoka nje, anaangalia ng'ambo. Moshi ukitoka kwenye paa la rafiki yake, anajua ameamka. Na yule anaangalia kwetu hivyo hivyo. Asubuhi moja moshi haukutoka, mama akavuka mto, akamkuta sakafuni amevunjika nyonga.

"Sasa kila siku anaangalia kwangu haoni kitu," mama akasema. "Ni kama nimekufa, na hakuna aliyekuja kunizika."

Nikamwambia si wapigiane simu. Akanitazama kwa huruma. "Mtu mgonjwa pia hujibu simu, anasema yuko sawa. Wewe mwenyewe nimekwambia hivyo mara ngapi?"

Kumbe haikuwa gesi, wala mkwe. Mimi nilikuwa napambana na chumvi na vijiko, na mama anakonda kwa kukosa mtu wa kumwona ameamka. Nilimshika miguu nikalia mbele yake bila kwenda chumbani. Nilimwogopea, na nilijiona mjinga.

Mume wangu alikuwa bado amechuchumaa mlangoni. Akakohoa kidogo, akaongea naye moja kwa moja, bila kupitia kwangu.

"Mama, nikikutengenezea moto kama huu, wa kupikia, utautumia vile unavyotumiwa? Bila majani?"

Mama alimtazama mkwewe vizuri. "Nitajaribu," akasema.

Daktari hakufurahi, lakini alikubali kwa masharti: nje, si ndani ya kibanda, inhela karibu, na arudi kupimwa. Fundi akachomelea kisanduku kingine kidogo, cha chuma kile kile kizito, juu bapa la kukalisha sufuria mbili, na bomba refu la kupita paa. Wakati kikitengenezwa mama alisomea kwenye garimoshi. Aka, huyo mwanafunzi! Nafungua mlango, anafunga. Nafungua, anafunga. "Kuni zinaliwa bure!" Nikamwonyesha kwamba vijiti vikavu vitatu vinavyowaka vinachemsha kuliko gogo linalofuka siku nzima. Alibisha, akajaribu nisipokuwepo, akakuta ni kweli, akaacha mlango wazi. Tulikalisha githeri juu ya kisanduku chetu, mahindi na maharagwe yakatokota. Alikula sahani nzima. Mimi na mume wangu tulijifanya hatuoni.

Tulimrudisha Othaya mwanzo wa kiangazi. Kisanduku kilikaa nje ya kibanda, chini ya mabati, pande zote wazi. Sharti langu lilikuwa mafiga yatoke. Aliyaviringisha mwenyewe mpaka kwenye mpaka wa chai, moja moja, akikataa kusaidiwa, akipumzika katikati.

Jioni hiyo hakupika, alikuwa amechoka. Nililala kwake. Alfajiri nilisikia mlango, nikatoka nimejifunga shuka. Alikuwa amekwisha washa. Vijiti vyembamba, mlango wazi, kuni inayofuata imelala juu inapata joto. Alifanya vizuri kuliko mimi. Juu ya bomba hewa ilitetemeka tu.

Ng'ambo, moshi wa rafiki yake ulikuwa unapanda, mweupe, umenyooka. Mama aliutazama. Kisha akatazama bomba lake. Mkononi alikuwa ameshika konzi ya majani mabichi.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nayo yote yalikuwa makali. Niliyameza. Ni mara ya kwanza maishani. Kifua ni chake, nikajiambia, na uhai ni wake, na huyu mbele yangu ndiye aliyenizaa, si mimi niliyemzaa. Alikaa na yale majani mapajani. Chai ikachemka. Akayatupa kwa mbuzi.

"Hataniona," akasema tu, akamimina chai.

Tulikuwa bado tunakunywa tuliposikia mtu akipanda kutoka mtoni, anahema, fimbo inagonga mawe. Kilitokea kichwa cha mvi kwanza, kimefungwa kitambaa, kisha mwili mzima, umeinama upande wa ile nyonga. Alisimama uani, akamtazama mama kutoka juu mpaka chini, hasira tupu.

"Wewe! Jana nasikia gari limekuleta. Leo naamka, naangalia, hakuna moshi. Nikasema, hawa wamemleta kufa!"

"Niko," mama akasema.

"Sasa huu ni moto gani? Umezima?"

"Angalia ndani."

Mwanamke aliinama kwa shida, akaona mwali. "Haiya!" Akazunguka kisanduku, akatazama bomba, akatazama ng'ambo kwake, akarudi kutazama bomba. Kisha akaketi kwenye kigoda changu bila kuniomba, akapokea kikombe changu.

"Na mimi nitajuaje kama umeamka?"

"Si uje uangalie."

"Na goti hili? Na nyonga? Na huo mlima?"

"Basi usije."

Walicheka wote wawili, mama akacheka bila kukohoa, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kuni.

Niko Nyeri sasa, na garimoshi letu linafanya kazi kila wikendi. Nampigia mama kila asubuhi, mapema, kabla sijaweka hata chai. Simwulizi kama yuko sawa, siku hizi naijua bei ya jibu hilo. Nasikiliza tu. Nasikia kuni, nasikia kikombe kikiwekwa juu ya chuma, na nasikia sauti ya pili ikilalamika kuhusu mlima. Mama hana nafasi ya kuongea nami.

"Piga baadaye, maitu," ananiambia. "Niko na mgeni."